Barua kwa mwanangu anayekwenda Leiden

Mwanangu mpendwa,

Mamako ameniambia Jumapili, tukitoka kanisani, kwamba barua ya kujiuzulu umeshaiandika na kilichobaki ni kumkabidhi mwalimu mkuu. Nilitaka kukupigia simu papo hapo, akanikataza. Anasema kwenye simu mimi hugomba, na kwamba safari ile uliyonikatia simu kisa kilikuwa sauti yangu. Huenda. Basi naandika. Usiipeleke hiyo barua.

Kupata nafasi Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, si jambo dogo, na sijaificha fahari yangu. Nimewaambia wazee wa kanisa, nimemwambia mwenye duka la mbolea, nimemwambia hata kijana wa matatu anayenijua kwa sura tu. Tumezoea wao kuja kutuandika sisi. Sasa mtoto wa Uasin Gishu anakwenda kusoma historia ya Waholanzi kwao wenyewe, kutoka katika nyaraka zao. Furaha hiyo ni yako, ila ya kuacha kazi nimeyasikia kwa mtu wa pili, na hilo limeniuma. Ningekuwa wa kwanza kuambiwa.

Umemwambia mamako kwamba Groen van Prinsterer, yule mwanahistoria Mkristo wa Uholanzi unayemsoma, naye aliacha kazi ya serikali ili aandike historia. Ni kweli. Nami jioni baada ya jioni nimekaa na makaratasi uliyoyaacha kwenye sanduku la bati. Wewe wamjua kunipita, na miaka niliyofundisha historia ilikuwa ya Mau Mau na ukoloni, si ya Uholanzi. Lakini nisikilize nilivyomsoma mimi.

Mtu huyu alizaliwa Voorburg mwaka 1801, akapata udaktari mara mbili Leiden mwaka 1823, wa sheria na wa fasihi ya kale. Akawa katibu katika ofisi ya Mfalme William wa Kwanza, akaiacha kazi hiyo mwishoni mwa 1833, akiwa na umri wa miaka 32, akitoka kuugua sana. Hapo ndipo umeishia kusoma. Rudi nyuma kidogo: mwaka 1831 mfalme alikuwa ameshamkabidhi uangalizi wa nyaraka za ukoo wa Orange, ndio ukoo wa mfalme mwenyewe. Kazi ya pili aliishika kabla hajaiachia ya kwanza. Na babake alikuwa daktari, mamake mtu wa ukoo wenye mali. Asingelala njaa hata angekaa bure. Wewe usipokuwa na mshahara mwezi wa tisa, ni nani atakayekutumia? Ni mimi, na pensheni yangu unaijua.

Nataka ufikirie zile barua alizozichapa, maana hapo ndipo nilipompenda. Juzuu ya kwanza ilitoka 1835. Ni barua za William wa Orange, si huyu mfalme bali yule wa zamani aliyeongoza Waholanzi kuwaasi Wahispania, na ndugu zake, watu wa karne ya 16, wengine wanaandika Kifaransa, wengine Kijerumani, wengine Kilatini, kila mkono na mwandiko wake. Unakaa na karatasi moja, neno moja limefifia, jina la mtu limefupishwa, tarehe haipo, nawe huendelei mpaka umejua ni nani anamwandikia nani na ni kabla au baada ya mji fulani kutekwa. Alisafiri mpaka Ufaransa na Ujerumani kutafuta barua nyingine. Msururu wa pili wa juzuu hizo ulikamilika 1861. Hesabu mwenyewe kutoka 1835. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu anayeamka usiku kuwaza kodi ya nyumba. Ndiyo maana nasema omba likizo ya masomo. Tume ya walimu wakikubali kwa malipo, Mungu ni mwema. Wakikubali bila malipo, bado jina lako limo kwenye orodha ya walimu na ukirudi una darasa.

Na angalia zile barua zilivyomsaidia hata mtu asiyekubaliana naye. Motley, yule Mmarekani, aliandika juu ya kuinuka kwa Jamhuri ya Waholanzi mwaka 1856, na kazi ya Groen ilikuwa mbele yake. Baadaye Motley akaandika habari za Oldenbarnevelt, yule kiongozi wa Jamhuri hiyo aliyekatwa kichwa 1619, na Groen, mzee wa zaidi ya miaka 70, akaketi kuandika kitabu kizima cha kumpinga mwaka 1875. Mwaka uliofuata akafa. Angeweza kuwafungia wapinzani wake mlango wa nyaraka, lakini alizichapa wazi, kila mtu asome, kisha akabishana. Mkristo anayeandika historia na afanye hivyo. Wengi wetu hapa kanisani tungependa zichapwe zile zinazotusifu tu, na barua za ugomvi zibaki kabatini.

Huko watakupinga. Fruin, mtu ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa historia ya nchi yao hapohapo Leiden, alimwandika Groen vikali mwaka 1853, naye akajibu kwa hoja. Wewe ukipingwa hununa. Ulinuna siku ile mwalimu wako wa chuo alipokurudishia insha, ukakaa likizo nzima hutaki kuishika. Usiende na tabia hiyo Leiden. Mtu akikuambia imani yako imekuharibia historia, muombe akuonyeshe ni ukurasa gani, na kama ameonyesha, ukurasa huo usahihishe.

Mimi kilichonigusa kuliko mihadhara yake ile juu ya kutoamini na Mapinduzi ya Ufaransa ni jambo la 1837. Kuna Wakristo walikuwa wamejitenga na kanisa kubwa la nchi mwaka 1834, wakianzia kijiji cha Ulrum kwa mchungaji de Cock. Serikali ikawatoza faini, ikawalaza askari majumbani mwao, ikatumia sheria iliyobaki kutoka enzi za Napoleon ya kukataza mkutano wa watu zaidi ya 20 bila kibali. Groen hakutoka katika kanisa hilo kubwa, alibaki humo mpaka mwisho. Lakini alichukua kalamu akaonyesha, kifungu kwa kifungu, kwamba wanaonewa kinyume cha sheria ya nchi yenyewe. Mwanasheria na mwanahistoria katika mtu mmoja. Na ni miaka michache tu tangu atoke kwenye ofisi ya mfalme huyohuyo.

Swali moja ulibebe, kwa kuwa wewe ni Mwafrika na hawatakuuliza wao. Watu wa uamsho ule wa Kikristo, yeye akiwemo, walimpelekea mfalme ombi mwaka 1842 utumwa ukomeshwe katika makoloni. Suriname, koloni lao la Amerika ya Kusini, watumwa hawakuachwa huru mpaka 1863. Miaka 21 hiyo walifanya nini, na shule za Kikristo walizipigania kwa nguvu kiasi gani ukilinganisha na watumwa? Litafute bila kumtetea na bila kumhukumu kabla hujasoma. Sisi hapa Eldoret kanisa letu lina mizizi ya Makaburu na Waholanzi, kwa hiyo jibu hilo linatuhusu.

Najua utanirushia 1857. Ndiyo, alijiuzulu ubunge mwaka ule, sheria ya elimu aliyoipinga ilipopitishwa na serikali ya waziri van der Brugghen, mtu waliyekuwa upande mmoja. Inaumiza kusoma. Lakini aliporudi nyumbani hakurudi kwenye deni. Mwaka 1860 akasaidia kuunda chama cha shule za Kikristo, mwaka 1862 akarudi bungeni. Na alilolitaka, shule za Kikristo zilipwe na serikali sawa na nyingine, lilikuja 1917, miaka 41 baada ya kufa kwake. Alikuwa na nafasi ya kungoja. Mwalimu mwenye mkopo wa sacco hana.

Maana mkopo huo umeusahau, au umeamua kutoutaja. Makato yanatoka moja kwa moja kwenye mshahara. Mshahara ukikatika, sacco watawafuata wadhamini: mimi, na wale walimu wawili wa shule yako, na mmoja wao ana watoto watatu sekondari. Hakukusainia ili umlipishe safari. Kaa nao kabla ya kuondoka, uwaambie mpango wako uso kwa uso.

Halafu mtoto. Groen na mkewe Betsy hawakujaliwa mtoto. Naye Betsy alimsaidia kazi zake mpaka akawa kama karani wake. Wewe mtoto unaye, na anabaki kwetu, na pumu yake unaijua. Mwezi uliopita usiku tulimkimbiza hospitali, bima yako ndiyo iliyolipa. Ukijiuzulu bima hiyo inakwisha. Uliza kwanza, hata kwenye likizo bila malipo, bima inakuwaje. Uliza upate jibu la maandishi.

Sisemi usiende. Sijasema hivyo kwa mamako wala kwa mtu yeyote, na ukisikia nimesema ujue umedanganywa. Nenda. Nenda ukiwa mwalimu aliye likizoni. Mwalimu mkuu anaweza kukuandikia barua ya kuunga mkono. Nilifundisha naye, si mtu mgumu ukimwendea asubuhi. Anataka tu kuombwa mapema, na wewe kwa kuahirisha mambo umechelewa. Muda upo bado kabla ya mwezi wa nane kuisha, ukianza Jumatatu.

Mahindi yanatoa mbelewele, mvua imetosha, ila upande wa mtoni kuna viwavi na dawa imepanda bei. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, maziwa tunapeleka kwa ushirika tena. Mdogo wako anataka kuuza pikipiki. Mwambie asubiri, wewe anakusikiliza. Bati la jikoni bado linavuja mahali palepale, fundi anasema atakuja na haji.

Koti la baridi usinunue mitumba ya Eldoret kwa haraka, shangazi yako wa Kitale ana moja zito alilorudi nalo, atakupa. Na mjukuu wangu viatu vya shule vimembana, anataka namba 31 sasa.

Njoo Ijumaa badala ya Jumamosi. Njoo na hiyo barua ya kujiuzulu, tuisome mezani, kisha tuandike ile ya kuomba likizo. Lete pia nakala za vitambulisho vya wale wadhamini wawili. Ukipita mjini, chukua miwani ya mamako kwa daktari wa macho; ameshalipa nusu, nusu iliyobaki malizia wewe, nitakurudishia pensheni ikiingia.

Ni mimi babako.