Kabla ya kubadilisha simu, una misimbo ya akiba?

Wateja wengi wanaotujia wakiwa wamefungiwa nje ya akaunti zao hawakudukuliwa. Walibadilisha simu. Walikuwa wamefanya jambo jema la kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri unaombwa pia msimbo wa muda, kisha simu ya zamani ikapotea, au ikafutwa ili iuzwe, ikaondoka na programu iliyokuwa ikiwapa misimbo. Nenosiri wanalikumbuka vizuri, ila mlango haufunguki.

Hatusemi hivi ili uogope. Washa ulinzi huo, tena leo. Nenosiri likivuja kwenye tovuti moja, matapeli hulijaribu kwingine kote, na hatua ya pili ndiyo inayowakwamisha. Anza na barua pepe, maana anayeishika hiyo anaweza kuomba nenosiri jipya la karibu kila akaunti yako.

Msimbo unaotumwa kwa meseji ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini unafuata namba, haufuati simu. Tapeli akifaulu kuhamishia namba yako kwenye laini yake, meseji zinamfikia yeye. Agosti 2019 hata akaunti ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter, ilitekwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo tunapendelea programu ya misimbo. Haihitaji mtandao: huchanganya ufunguo wa siri uliomo kwenye simu na saa ya wakati huo, ikatoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30. (Msimbo ukikataliwa bila sababu, angalia kwanza kama saa ya simu iko sawa.)

Sasa hiyo misimbo ya akiba. Unapowasha ulinzi huu, huduma nyingi hukupa orodha ya misimbo, kila mmoja wa kutumika mara moja tu. Watu huipita haraka wamalize. Iandike kwenye karatasi, uiweke unapoweka vyeti vyako. Ukiipiga picha ukaiacha kwenye simu ileile, itapotea nayo.

Ukija kwetu tukuwekee, tunaanza na karatasi hiyo. Unaandika mwenyewe, nasi hatubaki na nakala. Kisha unatoka kwenye akaunti na kuingia tena kwa msimbo mmoja wa akiba, tuhakikishe unakubali, ndipo tumalize. Baada ya hapo hatutakupigia kamwe kuuliza msimbo uliofika kwenye simu yako. Atakayeuliza, hata akitaja jina letu, mkatie.