Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: tutajie mahali na tarehe

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: BETRI NA VIFAA CHAKAVU VYA ELEKTRONIKI KUKOSA PA KUPELEKWA

Tunakusalimu kwa heshima. Jumanne iliyopita gari la taka lilishika moto likiwa barabarani, dereva akalazimika kumwaga mzigo wote kwenye lami ili aliokoe. Taarifa ya chanzo hatujaiona. Lakini sisi ni mafundi wa simu, runinga na majokofu, na moshi ule uliofoka kwa kishindo kabla ya kuwaka tunaujua. Tunaamini ni betri ya simu au ya pawabenki iliyobanwa katikati ya taka.

Ndani ya betri ya lithiamu mna tabaka za shaba na alumini zilizopakwa kemikali, na kinachozitenganisha ni utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Taka zikishindiliwa, utando hutoboka, pande mbili hugusana, joto hupanda na mvuke unaotoka huwaka. Ukidhani umeuzima moto, huibuka tena baadaye kwa sababu joto bado limo ndani.

Kwa hiyo mteja akija na betri iliyovimba tunamwambia: usiichaji tena, usiitoboe kutoa hewa, ziba ncha zake kwa solotepu, iweke peke yake kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na jua na jiko. Wateja wanatii. Kisha wanauliza, "Halafu niipeleke wapi, fundi?" Hapo ndipo tunapokosa jibu, Mheshimiwa.

Mwaka jana, kwenye mkutano wa hadhara, ofisi yako iliahidi kontena la taka za elektroniki kwa kila kata. Tuliambiwa tusubiri bajeti ya Julai. Julai imepita. Kanuni za nchi yetu, Tanzania, kuhusu taka za vifaa vya umeme na elektroniki zipo tangu 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Bila mahali pa kupeleka taka hizo, kanuni inamwacha mwananchi na kiroba mkononi.

Anayebisha hodi ni mnunuzi wa vyuma chakavu peke yake. Betri ya gari dogo ina kilo 15 hivi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni madini ya risasi. Risasi ndiyo inayotafutwa, kwa hiyo maji ya betri humwagwa mtaroni kwanza ili mzigo upungue. Maji yale si asidi tupu, yamebeba risasi. Ikishaingia kwenye udongo haiozi wala haiyeyuki ikaisha. Vumbi huiinua, na mtoto anayetambaa ndiye anayeimeza kwanza, ikamdhuru ubongo kabla hajaanza shule. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi ukatenguliwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Fidia haitoi risasi kwenye damu ya mtoto. Je, na sisi tunasubiri mahakama?

Kuna na TV za chogo, zilizoanza kutupwa kwa wingi mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Desemba 2012. Shingo huvunjwa ipatikane koili ya shaba, na kioo cha nyuma chenye risasi hubaki uwanjani watoto wakikichezea. Nyaya nazo huchomwa, na moshi wa plastiki yake ni sumu kwa mtaa mzima.

Hatuombi kiwanda. Banda moja lenye kufuli linatosha: pipa la chuma lenye mfuniko na mchanga mkavu kwa betri za lithiamu, beseni pana la plastiki kwa betri za gari, zisimame wima, vizibo vyake vikiwa vimekazwa, na rafu ya TV ambazo hazijavunjwa. Kisha gari moja kila mwezi lizipeleke kwa mchakataji mwenye kibali. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kila muuza nyanya aliijua tarehe: Juni 1, 2019. Na hili linataka tarehe.

Ikiwa kontena la kila kata haliwezekani, tupe moja kwa manispaa nzima. Ikiwa si mwezi huu, tutajie mwezi. Makopo yetu ya mchanga yamejaa, na kesho asubuhi mteja mwingine atakuja na betri iliyovimba. Tutajie mahali, Mheshimiwa. Tutajie mahali na tarehe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mafundi wa simu, runinga na majokofu