Kwenu wanangu mnaokuja na miswada

Kamwene, wanangu.

Nimeombwa niwakumbushe maandalizi ya warsha yetu ya waandishi wa hadithi za watoto, Ijumaa hadi Jumapili. Ilikuwa iwe nusu ukurasa tu: njooni na sweta, maana Iringa ya Julai mnaijua. Lakini jambo la mwaka jana bado limenikwama kooni, na nisipolisema hapa nitalisema ukumbini kwa ukali.

Mwaka jana kijana mmoja alituletea hadithi ya babu mgema. Tamu kweli, ina mjukuu mtundu na mbuzi mwizi wa ulanzi, ile pombe yetu ya mwanzi. Sasa babu huyo anagema mwezi wa nane, vumbi linatimka, mahindi yako ghalani! Tulikuwa kumi na mmoja, wengi wazaliwa wa Kilolo na Mufindi. Nani kati yetu hajui kwamba ulanzi ni wa mvua? Mwanzi mchanga unakatwa ncha, mbeta ya kukingia utomvu inategeshwa, na mvua zikikatika habari imekwisha.

Nikangoja. Wa kwanza: “Hongera, hadithi nzuri sana.” Wa pili: “Sina la kuongeza.” Wa tatu akashauri herufi ziwe kubwa. Zamu zikaisha. Nilipouliza ulanzi wa Agosti unatoka wapi, wakacheka, kisha wakaanza kupekua kurasa. Kupekua! Muswada walikuwa nao wiki mbili nzima. Kumbe hata mbuzi hawakuwa wamemwona.

Jioni kijana akanifuata. “Mwalimu, wale wenzangu walinisoma kweli?” Sikuwa na jibu. Nilimnunulia chai.

Tunapenda kusema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lawama zote tunamtwika mgema. Mimi siku hizi nawatazama wanaosifu: hawajaonja hata tone. Tumekuwa watu wa hongera. Hongera mahafali, hongera kikaoni, hongera kwa kitabu ambacho hatujafungua wala hatutamnunulia mtoto, kwa kuwa hakimo kwenye mtihani. Mtoto wa darasa la pili hana adabu hiyo. Ukimchosha anageuka kuangalia kuku.

Basi nawaomba, muswada wa mwenzako usome mara mbili kabla hujapanda basi. Mara ya kwanza weka penseli mbali, soma kama mtoto. Mara ya pili weka alama ulipocheka, ulipopotea, ulipotamani kuruka. Usiseme “hadithi yako inachosha”, sema “ukurasa wa sita nilichoka, mama anaeleza mno.” Hilo mtu anaweza kwenda nalo kulirekebisha. Na kama hukusoma, sema hukusoma, unyamaze. Nitakuheshimu zaidi.

Mengine ni haya. Nakala zichapwe upande mmoja, kurasa ziwe na namba. Kunjeni karatasi nane katikati mpate kijitabu cha kurasa 32, mgawanye hadithi humo, na mkumbuke kurasa za mwanzo huliwa na jina la kitabu na maelezo ya mchapishaji. Msihangaike na picha za kuchorewa na rafiki. Mara nyingi mchapishaji hutafuta mchoraji wake. Msomeeni kwa sauti mtoto asiye wenu, wenu watawaonea huruma.

Zamu yako ikifika, usijitetee. Andika unachoambiwa, hata kinachouma. Najua kinauma. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza mwaka 1991 mimi nilikuwa nafundisha darasa la tatu, na kitabu cha hadithi darasani kwangu kilikuwa kama nyama, cha sikukuu. Nikajitosa kuandika. Muswada wangu wa kwanza ulirudi na mstari mmoja: “Huyu ni mwalimu anayehutubia, mtoto yuko wapi?” Nilinuna miezi mitatu. Kisha nikaufungua tena nikamtafuta huyo mtoto, na kweli hakuwemo. (Kuhutubia bado sijaacha, mnaona wenyewe.)

Yule kijana wa mgema anarudi. Muswada wake mpya mmeshatumiwa nyote. Babu sasa anagema mwezi wa tatu, matope hadi magotini, raha tupu. Ila mbuzi ameondolewa, na mimi sijapenda. Nataka Jumamosi asubuhi nisikie kutoka kwenu kama nimekosea.

Mwalimu wenu mstaafu,
Kihesa, Iringa