Shukrani kwa mwalimu mstaafu wa Ngamiani

Shikamoo Mwalimu. Hukutuachia jina wala namba, kwa hiyo nakushukuru hadharani, nikiamini utasoma au utasomewa.

Sisi ni walimu wa ushauri nasaha wa hapa Tanga tunaoanzisha chama cha afya ya akili shuleni. Siku ile tulikuwa tumekwama kwenye katiba ya kupeleka kwa Msajili wa Jumuiya, tukibishania vyeo na viingilio. Ukauliza: “Mtoto akishakueleza yanayomsibu, siri yake inakaa wapi?” Chumba kizima kikanyamaza.

Ukakaa nasi hadi alasiri. Ulitufunza kwamba katiba isiyo na kifungu cha siri ya mwanafunzi haimlindi mtu. Kwamba anayetaja kujiua haachwi peke yake hata dakika moja, na hapo siri inaupisha uhai. Kwamba mwalimu si daktari, hivyo tuijue njia ya Hospitali ya Bombo, au ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi kule Korogwe, kabla hatujaihitaji. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, nusu kabla ya 18. Sisi tulikuwa tunaifikiria sekondari tu. Sasa walimu wa msingi wamo, na kwa maoni yangu hao ndio walistahili kuitwa mwanzo.

Chai uliikataa, ukasema umefunga. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, Mwalimu wetu. Nafasi ya mlezi wa chama tumekuwekea wewe. Tafadhali njoo.