Maneno ya Chini ya Picha

Mombasa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo. Barua yako imenifikia pamoja na nakala ya picha ya Daktari Rosendo Ribeiro, yule Mgoa wa Nairobi ya mwanzoni mwa karne ya 20 aliyekuwa akienda kuwatazama wagonjwa wake akiwa amepanda pundamilia. Umeniomba nikupe maoni kuhusu maneno uliyoitungia, na kwa jinsi tulivyozoeana, sitakuficha.

Ulipoandika "Daktari juu ya punda mwenye mistari", ulitueleza kile ambacho macho yamekwisha kutueleza. Picha yenyewe ni kichekesho tayari, na kinachoifanya ichekeshe ni kwamba daktari ametulia juu ya mnyama wake kana kwamba mji mzima unasafiri hivyo. Mimi ningemwachia utulivu wake, nikamtafuta mtu ambaye hayumo pichani: "Mgonjwa alipoona daktari amekuja na nini, homa ilishuka yenyewe." Usidhani namdharau. Ndiye aliyeitambua tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, na mtu wa namna hiyo hapunguzwi na utani.

Nami nakuletea moja kati ya zile picha za watoto zilizopigwa Ulaya katika karne ya 19. Kamera za wakati ule zilihitaji muda mrefu kunasa mwanga, na mtoto akitikisika kidogo tu, sura yake ilitoka kama moshi. Kwa hiyo mama aliketi kitini, akafunikwa pazia au shuka kuanzia utosini, kisha akampakata mwanawe ili ionekane mtoto ameketi peke yake. Hila hiyo ilimdanganya nani, sijui. Tazama picha yenyewe: mtoto amevaa gauni jeupe la lesi, amekodoa macho, na nyuma yake pana kitu chenye mabega, ambacho tunatakiwa tuamini kuwa ni kiti, ingawa kiti hicho kimetoa vidole vinne na kumshika mtoto kiunoni. Nilihangaika nayo sana, nikatunga maneno marefu juu ya fanicha inayopumua, nikayafuta yote. Mwishowe nikaandika maneno ambayo kila mwanamke wa pwani ameyavaa katika kanga: "Nani kama mama?" Kwa mtu aliyefunikwa gubigubi namna ile, sikuona haja ya kuongeza neno.

Jambo moja naomba tukubaliane. Zile picha za kadi za posta za enzi ya ukoloni, ambamo watu wetu walipangwa mstarini na kupigwa picha bila kuulizwa, mimi sizitungii kitu, hata zikiwa za ajabu kiasi gani. Ribeiro alipanda pundamilia kwa hiari yake. Wale hawakuchagua lolote, na kuwacheka leo ni kuwaonea mara ya pili.

Kwa bahati nzuri, waliojipeleka wenyewe mbele ya kamera hawahesabiki. Ndani ya bahasha utamkuta pia Walter Rothschild, mwana wa ukoo wa wenye benki wa Uingereza na mwanzilishi wa makumbusho ya wanyama ya Tring, akiwa amevaa kofia yake ndefu ya heshima na kumpanda kobe mkubwa wa visiwa vya Galápagos. Bwana huyu alipata pia kuendesha mjini London gari la kukokotwa na pundamilia, kwa hiyo si mgeni katika mambo haya. Methali ya haraka na baraka nakukataza kabisa, maana ndiyo itakayomjia kila mtu kwanza. Mimi nimeandika "Mwenye haraka na atangulie", lakini naona bado kobe hajapewa nafasi ya kusema. Jaribu wewe upande wake, kisha uniletee kabla sijaibandika katika albamu.

Wasalimie wazee.

Wako wa daima.