Salamu za shukrani kutoka Tukuyu: mtoto wetu amefanyiwa upasuaji wa moyo na amerudi nyumbani

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Kwa wazee wetu wa Rungwe, Busokelo na Kyela, ndaga fijo, yaani asanteni sana.

Familia yetu, yaani baba na mama wa mtoto, babu na bibi wa pande zote mbili, shangazi, wajomba na ndugu wote, inawashukuru nyote mliochanga, mlioomba, mliotoa damu, mliotupokea na mliotutembelea tangu tulipotangaza kwamba kitinda mimba wetu anahitaji upasuaji wa moyo. Upasuaji umefanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mtoto ameruhusiwa na yuko nyumbani. Anakula, anacheza, anagombana na dada zake. Midomo na kucha zake, ambazo wengi wenu mlizizoea zikiwa na rangi ya bluu iliyokolea, sasa ni nyekundu.

Ndugu wameniachia mimi mama yake niandike. Wengi mlichanga mkiwa mmesikia tu kwamba ana tundu kwenye moyo, na kila ninapopita sokoni naulizwa ilikuwaje. Mnayo haki ya kujua michango yenu na damu yenu vilifanya kazi gani.

Wa kwanza kumshukuru ni mwalimu wake wa darasa la awali. Sisi nyumbani tulijua mtoto anachoka haraka. Kwenye kituo kimoja cha afya tuliambiwa ni pumu, tukapewa dawa, na tukaamini. Mwalimu ndiye aliyetuita akasema: wenzake wakikimbia, huyu anakimbia kidogo halafu anachuchumaa, anatulia, kisha anainuka tena, na anachuchumaa hata kama hakuna mchezo wa kuchuchumaa. Alikuwa amemtazama kwa makini kuliko wote waliompima mpaka siku ile. Wa pili ni muuguzi wa kliniki ambaye hakumwandikia dawa ya pumu tena, bali alimvalisha kile kipimo cha oksijeni cha kidole. Kilisoma asilimia 72. Akakibadilisha, akakiweka kidole kingine, ikawa vilevile. Alituandikia rufaa pale pale, akatuambia tusilale nayo.

Katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya mtoto alipigwa picha ya moyo, ile ya mawimbi ya sauti inayopigwa kwa kupaka kifuani kitu cha baridi. Ugonjwa wake unaitwa tetralojia ya Fallot, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1888. Mambo manne yanakutana kwenye moyo mmoja: kuna tundu kati ya vyumba viwili vya chini, njia ya kupeleka damu kwenye mapafu imebanwa, mshipa mkuu unaotoa damu kwenda mwilini umekaa juu ya lile tundu badala ya kukaa upande wake, na msuli wa chumba cha chini cha upande wa kulia umenenepa kwa kusukuma dhidi ya njia iliyobana. Damu ambayo haijapita mapafuni inavuka na kwenda mwilini bila oksijeni ya kutosha. Ndiyo ile bluu. Na kule kuchuchumaa, mtoto alikuwa anajitibu mwenyewe bila kufundishwa na mtu: ukikunja miguu, damu inapata ugumu kushuka miguuni, hivyo nyingi zaidi inasukumwa kuelekea mapafuni.

Hapa nasema jambo ambalo limekaa kifuani mwangu. Tangu mtoto azaliwe, niliulizwa nilikula nini nikiwa mjamzito, nilipita wapi usiku, nilimkosea nani. Wengine walitushauri twende kwa waganga, na najua walisema kwa kutuhurumia. Daktari wa Mbeya alitueleza, mimi na mume wangu na mama mkwe, kwamba moyo wa mtoto huumbika ndani ya wiki 8 za mwanzo za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua vizuri kama ana mimba. Kwamba karibu mtoto 1 katika kila watoto 100 wanaozaliwa huja na kasoro fulani ya moyo, ndogo au kubwa. Na kwamba kwa wengi wao hakuna sababu moja unayoweza kuinyooshea kidole. Mama mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho. Tuliporudi aliita ukoo, akawaambia kwa Kinyakyusa kile alichokisikia, na akasema hataki kusikia tena mtu akimuuliza mkwewe swali lile. Mama, asante. Pesa zilichangwa na wengi, lakini hilo lilitoka kwako peke yako, na mimi nililala usingizi siku ile.

Michango ilikuja kwa namna ambayo hatukuitarajia. Washirika wa Moravian walitoa sadaka maalumu, na kwaya ikaimba Jumapili nzima kwa ajili ya mtoto. Ndugu zetu wa msikitini walileta bahasha bila sisi kuwaomba. Kina mama wa kikoba chetu walifungua mfuko wa jamii mapema. Wauza ndizi wa Kiwira walikubaliana kutenga fedha ya mikungu kadhaa kila siku ya soko. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walituchukua bure kila tulipotoka kwenda stendi, na wenzetu wa Mwanjelwa na Uyole ambao hata hatujuani kwa sura walituma kwa simu. Afisa ustawi wa jamii alikaa nasi akatuelekeza namna ya kuomba msamaha wa sehemu ya gharama, jambo ambalo peke yetu tusingelijua. Babu anakumbuka miaka ambayo mtoto wa namna hii alisubiri safari ya India, na wengi hawakuifikia. Safari hii tulipanda basi.

Basi lenyewe nalo lina watu wake wa kushukuriwa. Tulipokaribia Mafinga mtoto aliamka akalia, na kilio kile kikageuka: akawa bluu sana, anahema kwa kina, analegea. Mbeya tulikuwa tumefundishwa: usimwinue, usimpepee ukiwa umesimama, mlaze au mpakate, mkunje magoti mpaka yaguse kifua na umshikilie hivyo huku ukimtuliza. Dereva alisimamisha gari bila kuuliza maswali. Mama mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma alihama, akanishikia miguu ya mtoto mimi nikiwa nimemshika kichwa, na basi zima likanyamaza. Rangi ilirudi taratibu. Kondakta alitupa viti vya mbele mpaka Dar, na yule mama alishuka Morogoro kabla sijapata hata jina lake. Mama, popote ulipo, mtoto uliyemshika miguu ni mzima.

Dar es Salaam shemeji alitupa chumba chake yeye akalala sebuleni na watoto. Tulikaa zaidi ya tulivyopanga, kwa sababu mtoto alikutwa na jino bovu. Wengine mlinipigia simu mkishangaa jino linahusianaje na moyo. Linahusiana sana. Wadudu wa kinywani huingia kwenye damu, na moyo wenye kasoro, au uliotoka kushonwa kiraka, ni mahali wanapopenda kukaa. Jino liling'olewa kwanza, kwa kinga ya dawa, ndipo tukapangiwa.

Kisha damu. Upasuaji wa namna hii unahitaji damu mkononi kabla kisu hakijagusa ngozi. Vijana wa kwetu mnaoishi Dar mlikuja kutoka Temeke, Kimara na Mbagala, wengine mkitoka zamu ya usiku. Yupo aliyerudishwa kwa kuwa hakufika kilo 50. Kesho yake akaja na kaka yake mkubwa. Hela inaweza kurudishwa. Damu hatuna namna ya kuwalipa.

Siku ya upasuaji sina maneno mengi. Walimchukua asubuhi na baba yake akamsindikiza mpaka mlangoni. Walichofanya ndani tulielezwa baadaye: kifua kilifunguliwa katikati, moyo ukasimamishwa, kazi yake ikachukuliwa na mashine inayoipa damu oksijeni na kuisukuma mwilini. Tundu likazibwa kwa kiraka, njia ya kwenda mapafuni ikapanuliwa, moyo ukaachiwa upige tena wenyewe. Daktari alipotoka alikuwa bado amevaa kofia yake. Alisema, "Mama, moyo unapiga vizuri." Nikakaa sakafuni.

Kwa wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, sijui niwashukuruje. Mzazi anapoingia mara ya kwanza hamtambui mwanawe: mrija wa kupumulia mdomoni, mirija ya kutoa maji na damu kifuani, nyaya, mashine zinalia. Mlinieleza mrija mmoja mmoja, unafanya nini na utatoka lini. Mliniruhusu nimshike kidole. Mlihesabu mkojo wake kila saa kama watu wanaohesabu fedha. Ulipotolewa mrija wa kupumulia, neno lake la kwanza lilikuwa kuomba maji, na muuguzi aliyekuwa zamu alilia pamoja na mimi. Kwa yule wa mazoezi ya viungo aliyemfundisha kupuliza maputo ili mapafu yafunguke, mtoto bado anapuliza, na nyumba imejaa maputo.

Kipimo cha kidole siku tunaruhusiwa kilisoma asilimia 97.

Kurudi, baba mdogo alituletea gari dogo, na tukalala Iringa kwa shangazi wa Ipogolo ili kifua kisiteseke kwa safari ndefu ya siku moja. Shangazi, ule uji wa ulezi mtoto anautaja mpaka leo.

Sasa naomba niseme na wote mnaokuja kumwona, na mnakaribishwa sana. Mfupa wa kifua umefungwa kwa waya na huchukua takribani wiki 6 mpaka 8 kuunga, kwa hiyo tafadhali msimwinue kwa kumshika kwapani. Mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya makalio. Mwenye mafua atusalimie kwa simu kwanza. Pipi na biskuti tunazipokea kwa shukrani lakini hatumpi, mleteeni parachichi. Shuleni atarudi daktari atakaporuhusu, na mwalimu wake ameshaelezwa kwamba akirudi atacheza kama wengine. Haina maana kwamba kliniki zimekwisha. Kovu la ndani na ile njia iliyopanuliwa vitafuatiliwa kwa picha ya moyo maisha yake yote, na huenda akiwa mkubwa akahitaji kuwekewa vali, yaani kilango cha moyo kinachozuia damu isirudi nyuma. Tumeambiwa mapema, na tumelipokea.

Wazazi wenzangu wa milimani, kama mwanao midomo inakuwa bluu akilia, anachuchumaa katikati ya mchezo, au mtoto wako mchanga anatoka jasho jingi na kukatisha ziwa kila mara ili apumue, omba apimwe oksijeni kwa kidole na asikilizwe moyo. Ukiambiwa hakuna kitu na wewe macho yako yanaona kitu, omba tena. Mimi nipo Tukuyu. Mkinihitaji kuwasindikiza Mbeya kwa mara ya kwanza, nitakuja.

Daftari la michango liko kwa mweka hazina wa kamati, kila jina na kila shilingi, na lilisomwa kanisani mbele ya wazee. Kilichobaki baada ya gharama zote, kamati na familia tumekubaliana kiende kwa mtoto wa jirani zetu wa Busokelo ambaye naye amepewa rufaa ya moyo. Mama yake ameshakabidhiwa. Anayetaka kuongeza apitie kwa mweka hazina yule yule.

Ibada ya shukrani itakuwa nyumbani kwa babu Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada ya kanisani. Wa dini zote mnakaribishwa. Chakula kipo, njooni na watoto.

Ni sisi,
Baba, mama, dada zake, babu na bibi
Tukuyu, Rungwe