Pishi Kabla ya Swala: Salamu za Idd kutoka Bagamoyo

Assalaam alaykum, wazee wangu, ndugu zangu na wadogo zangu mliotawanyika.

Mwezi umeandama. Wapo watakaosema uliandama jana, wapo watakaosema bado, na hapa Dunda ipo nyumba ambamo baba anakula pilau kesho na mwanawe alishaila leo. Mambo ya mwezi wa kitaifa na mwezi wa kimataifa tumeyazoea kama tulivyozoea kusi na kaskazi. Mimi hucheka peke yangu. Mwezi wenyewe mmoja, unaning'inia juu ya Unguja na juu yetu kwa pamoja, lakini binadamu hatujakubaliana tuuone lini. Basi ikukute leo, ikukute kesho, Idd Mubarak. Kulla aam wa antum bikheri.

Salamu ziwafikie wa Magomeni na Nianjema, wa Kaole, kina mama wa mwani kule Mlingotini, na mlioko Dar, Muscat na kwingineko ambako Idd huangukia siku ya kazi mkaomba ruhusa kwa bosi asiyejua Idd ni nini. Ziwafikie pia majirani zetu wa upande wa misheni. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zimetembea pamoja, na mama mmoja sokoni alinitania kwamba sisi tumepandisha bei ya magimbi na wao wamepandisha ya samaki, kwa hiyo tusilaumiane.

Naandika usiku huu nikiwa na kopo mbele yangu. Ni kopo la maziwa ya unga, maandishi yake yalikwisha kukwanguka zamani, nimelirithi kwa mama. Kwake lilikuwa kibaba cha kupimia fitri, ule mchele wa masikini tunaoutoa Ramadhani ikiisha. Vibaba vinne pishi, na pishi moja kwa kila kichwa, hata kichanga aliyezaliwa juzi. Siku hizi watu hupima kilo mbili na nusu dukani yakaisha, lakini mama hakuamini mizani ya mtu. Alipima mwenyewe, na hakupima kibaba cha mfuto. Alipima cha tele, mchele ukimwagika pembeni anaurudisha kwa kiganja.

Nikiwa na miaka kama kumi alinituma asubuhi ya Idd, mara tu baada ya alfajiri, nipeleke fitri kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa akilea wajukuu nyuma ya msikiti. Njia fupi ni ya vichochoroni. Mimi nikapita forodhani, maana kulikuwa na jahazi limeingia na wenzangu wamekwenda kulitazama. Nilipokumbuka kikapu kichwani, takbira zilikwisha kunyamaza na watu wanatoka swalani wakipeana mikono. Bibi alinipokea vizuri, akaniombea dua ndefu. Lakini jikoni kwake mihogo ilikuwa imekwisha kuchemka. Wajukuu walikula mihogo mitupu siku ya Idd, mchele ukiwa umekaa mlangoni.

Mama hakunipiga. Aliniangalia akasema, "Ulichompelekea ni sadaka. Fitri yake bado tunadaiwa." Akapima pishi nyingine. Masheikh wataniambia haikumlazimu, na wana haki, ila mama hakuwauliza. Alikuwa ameshika ile hadithi aliyoipokea Ibn Abbas, kwamba fitri ni twahara kwa aliyefunga na chakula kwa masikini. Mwenye kuitoa kabla ya swala imekubaliwa kuwa zaka. Akiitoa baada ya swala, ni sadaka kama sadaka nyingine.

Neno hilo la mama limenirudia mwezi mzima, kila nikisikiliza taarifa ya habari wakati wa futari. Mikutano ya dunia haishi ahadi, na ahadi si ndogo. Ninachouliza siku hizi ni kama mchele ulifika mihogo haijaiva.

Tuchukue corona. Uingereza ilianza kuchanja watu wake Desemba 2020. Sisi shehena ya kwanza, dozi zaidi ya milioni moja kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawana chanjo, ilitua Dar es Salaam Julai 2021. Tuseme ukweli, na sisi wenyewe tulichelewa kunyoosha mkono, hilo tusilifiche kwenye kanzu. Lakini hata nchi za Afrika zilizonyoosha mkono mapema zilikaa foleni huku nchi tajiri zimeagiza dozi kuzidi idadi ya watu wao. Chanjo zilipokuja kwa wingi, wengi wetu tulikwisha kuzika.

Sasa ngoja niwakumbushe jambo ambalo sisi wa Bagamoyo hatujisifii nalo inavyostahili. Mei 2009, jaribio kubwa la mwisho la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S lilipoanza, watoto wa kwanza kuchomwa sindano walikuwa wa hapa kwetu. Likaenea vituo 11 katika nchi saba za Afrika, Korogwe kwa jirani zetu wa Tanga ikiwamo, na watoto zaidi ya 15,000. Watoto wale wa mwanzo leo ni vijana, nadhani wengine wanahangaikia leseni ya bodaboda. Baadaye ikaja chanjo ya pili, R21, iliyojaribiwa kwa watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, na kituo cha Tanzania kilikuwa hapa hapa, kwenye tawi la Taasisi ya Afya Ifakara. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza ya kwanza Oktoba 2021, ya pili Oktoba 2023.

Ile R21 hunifurahisha kuliko hotuba yoyote ya ushirikiano niliyowahi kusikia. Imebuniwa Chuo Kikuu cha Oxford. Inatengenezwa na Serum Institute huko Pune, India. Ndani yake mna kiamsha kinga ya mwili kinachotokana na gome la mti wa Chile uitwao quillaja, gome ambalo likilowekwa hutoa povu kama sabuni. Na mikono iliyodungwa kuona kama inafaa ni ya watoto wa Bagamoyo, Kilifi na wenzao wa Mali na Burkina Faso. Hapo kila mtu katia kibaba chake, na cha kwetu hakikuwa cha mfuto. Mama aliyekubali mwanawe achomwe sindano ambayo bado inajaribiwa, kisha akarudi kliniki kila alipoitwa, miaka, alitoa zaidi ya aliyetoa hundi.

Ila kwenye saa, hata hapo tulichelewa. RTS,S ilianza kutengenezwa mwaka 1987. Toka hapo hadi 2021 ni miaka 34. Ya corona ilipatikana ndani ya mwaka mmoja. Wataalamu hueleza kwamba kimelea cha malaria ni kiumbe mjanja, hubadilika sura kikitoka kwa mbu, kikiingia ini, kikiingia damu, na si sawa na kirusi. Nawaamini. Lakini ujanja wa kimelea hauelezi miaka yote 34. Malaria ilikuwa haibishi hodi kwenye milango ya wenye maabara, basi haikuwa na haraka. Inaua watu zaidi ya nusu milioni kila mwaka, wengi wao Waafrika wadogo wasiojua hata kutamka jina la ugonjwa wenyewe.

Kuna mtu wa pwani hii hii ya Bahari ya Hindi ninayemfikiria nikifika hapo. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali huko Marka, Somalia. Oktoba 1977 aliugua ndui, akapona, na hajatokea mwingine duniani aliyeipata ndui kwa njia yake ya kawaida baada yake. Kuimaliza ndui ilikuwa kazi ya mataifa yaliyochukiana kweli kweli. Marekani na Urusi ya Kisovyeti zilikuwa zimeelekezeana makombora, lakini Wasovyeti wakatoa chanjo kwa mamia ya mamilioni ya dozi na Mmarekani akaongoza kampeni. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba siku hizi dunia imegawanyika mno kiasi cha kushindwa kushirikiana. Ilipokuwa imegawanyika zaidi ilishirikiana. Maalin alizeeka akiwa mtu wa kuhimiza watoto wachanjwe polio. Mwaka 2013, akiwa kwenye kampeni hiyo, alikufa. Alikufa kwa malaria. Wakati huo watoto wetu wa Bagamoyo walikuwa bado wanafuatiliwa kliniki.

Habari ya tabianchi nitaipitia haraka, maana mnaiona kwa macho. Mwani wa kotonii, ule wenye bei, unakufa maji ya bahari yakizidi joto, na kina mama wamebaki na spinosum inayolipa kidogo. Shule ya Kingani kisima chake kiliingia chumvi, ikabidi wajengewe matangi ya kuvuna maji ya mvua chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa. Huo nausifu. Matangi yanaonekana na watoto wanakunywa. Afrika yote kwa ujumla inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, lakini bahari haisomi takwimu kabla ya kupanda.

Mwaka 2009, huko Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kwamba ifikapo 2020 zitakuwa zinatoa dola bilioni 100 kila mwaka kuzisaidia nchi maskini kukabili tabianchi. Kiwango hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza 2022, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo. Hebu fikirini mtu anakuletea fitri watu wametoka swalani, kisha anakwambia utairudisha, na riba juu. Siku ya Idd! Mama yangu angemrudisha na kikapu chake.

Yale Malengo ya Maendeleo Endelevu 17 ambayo nchi 193 zilikubaliana mwaka 2015, tarehe yake ya kutimia ni 2030, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema yaliyokuwa kwenye njia sawasawa ni asilimia 17 tu ya shabaha zake. Hapo takbira zinasikika, na mtoto bado yuko forodhani anatazama jahazi.

Na sisi tusikae barazani tukawahukumu wengine. Mikoko inakatwa kwa boriti na kwa mkaa, na anayeikata si mgeni kutoka Ulaya, ni shemeji yetu. Fitri ya msikitini pia, kuna mwaka niliona magunia yamekaa stoo hadi Idd pili kwa sababu kamati haijakubaliana orodha ya majina. Nilikuwamo kwenye hiyo kamati. Tulikuwa tunabishana kwa nia njema kabisa.

Ndiyo maana jambo lililonipa moyo kuliko yote ni dogo na limeandikwa kwa lugha kavu. Mei 2025, huko Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkataba wa kukabili milipuko mikubwa ya maradhi. Marekani ilikuwa imekwisha kutangaza kujitoa kwenye shirika, na wengine wakaendelea bila yake. Ndani yake mna wazo kwamba mlipuko ukitokea, watengenezaji wanaoshiriki watenge asilimia 20 ya chanjo na dawa wanazozalisha kwa ajili ya Shirika, wakati ule ule zinapotoka kiwandani, na angalau nusu ya hizo ziwe za bure. Utaratibu wenyewe uliachwa ukaandikwe kwenye kiambatisho, na hapo ndipo ubishi ulipo, kama kwenye kamati yetu. Nchi zinazotoa sampuli za virusi zinataka zihakikishiwe chanjo, wenye viwanda wanataka sampuli bila masharti mengi. Ubishi wa haki, naona, ilimradi uishe mapema. Lakini ona walichofanya, wamekaa kupima pishi kabla mwezi haujaandama. Sikumbuki kama tumewahi kufanya hivyo kwa janga lolote.

Nimeandika kurefusha, mnisamehe. Ambao sikuwapigia simu Ramadhani nzima, nisameheni na hilo pia. Watoto wakija kwa mkono wa Idd msiwape noti iliyochanika mkadhani hawaoni. Watakaofika kwangu, pilau ipo na kaimati zipo, na asiyekula nyama ya ng'ombe aseme mapema.

Sasa imekaribia saa kumi na moja. Vichwa sita, vibaba ishirini na vinne, nimepima vyote vya tele, na mke wangu ananiuliza toka usiku napima au naandika. Mwanangu wa mwisho nimemwamsha, ananawa uso. Kikapu kiko mlangoni. Nimemwambia apite vichochoroni, na forodhani asitie mguu.